Viota Vitatu Ufukweni

Jumamosi, 3 Januari

Nondo 61, aina 14. Hakukuwa na upepo.

Mtego ni ule ule wa mwaka jana: balbu ya zambarau juu ya ndoo ya bluu, faneli katikati, na ndani trei za mayai ili nondo, hao vipepeo wa usiku, wapate pa kujishikiza. Nawasha nikienda kulala, nafungua alfajiri. Hakuna anayeumia. Nahesabu, naandika. Nisiowajua nawatia kwenye vichupa na kuviweka friji watulie kidogo. Waliobaki nawakung'utia juu ya ukuta wa bahari, waende zao.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, kaja juzi kukaa mwezi mzima. Leo kakuta kichupa kando ya siagi. Kauliza kama siku hizi nakula vitoweo vyenye mabawa. Nikamwambia hiyo ni sayansi. Basi sayansi inunuliwe friji yake, kasema.

Kubwa la leo: vitwitwi! Hiki ni kiangazi cha tano nawahesabu, ndege wadogo wale wa miguu myembamba, na hawajawahi kutaga upande huu. Leo viota vitatu, kati ya miamba na bomba la maji ya mvua. Kiota chenyewe ni kishimo tu mchangani, mayai mawili yenye rangi ya mchanga. Usipoangalia unakanyaga. Nimefurahi mpaka nikamkumbatia wifi, naye akauliza kuna nini.

Jumanne, 6 Januari

Nondo 48, aina 11. Kunguru wawili ukutani nilipokuwa nakung'uta trei. Wanaanza na nondo wakubwa. Wanang'oa mabawa kwanza, kisha ndipo wanameza. Nimeandika pembeni.

Nikateremka kwenye viota, ndoo mkononi. Mfagiaji wa ufukwe alikuwa anavuta reki yake, ile pana ya meno ya chuma. Kanisalimia shikamoo. Nikamwambia pale kuna mayai, asipite. Kasema anajua, ameshayaona, hapo anazunguka. Kasema haraka haraka, bila kusimama. Nilifanya kazi maabara ya hospitali miaka ishirini na minane. Mtu akikubali upesi namna hiyo, mimi huwa naangalia mara ya pili.

Ijumaa, 9 Januari

Nondo 70! Rekodi ya mwaka. Kunguru saba.

Wananisubiri sasa. Nikifungua mlango wa uani wapo tayari, wamejipanga. Wifi kasema nimepata wageni wa chai, niwatolee vikombe. Mmoja kanifuata ukutani mpaka kwenye ngazi, anatembea kama askari wa zamu. Nikamrushia nondo mmoja aliyebaki kwenye ndoo. Kamdaka hewani. Nilicheka peke yangu.

Viota salama, vyote vitatu.

Jumapili, 11 Januari

Kiota cha kwanza kitupu. Hakuna ganda, hakuna kitu. Na alama za reki zipo, hatua nne kutoka hapo. Nne!

Nimekasirika sana. Nilimwambia kwa mdomo wangu. Nimepiga picha, nimeituma kwa afisa mazingira wa manispaa pamoja na barua. Nimeandika "uzembe wa makusudi." Wifi kanishauri niilalie kwanza hiyo barua, niitume kesho. Nikamwambia mayai hayalaliwi na barua. Nimeituma saa mbili asubuhi.

Jumatano, 14 Januari

Kiota cha pili kitupu.

Afisa kapiga simu. Mfagiaji kasimamishwa kazi tangu jana, kikao ni Ijumaa ya wiki ijayo. Picha yangu ni ushahidi mzuri, kasema. Kaniambia nisiwe na wasiwasi, jina langu halitatajwa, itaandikwa "mkazi wa ufukweni."

Niliridhika. Naliandika hili kwa sababu ni kweli.

Alhamisi, 15 Januari

Nondo 39. Ufukwe haujafagiwa. Mwani, chupa, kandambili moja ya kushoto.

Jambo moja silielewi. Kama mfagiaji kasimamishwa Jumanne, kiota cha pili kimekwenda na nani? Jumanne jioni nilikiona kwa darubini, mama kakalia. Labda mbwa. Sikuona nyayo za mbwa.

Jumamosi, 17 Januari

Sijui nianzie wapi. Nianzie asubuhi.

Nondo 52. Nikakung'uta, nikachukua ndoo, nikateremka kwenda kiota cha tatu. Wifi alikuja nami leo, ila kwa sababu ya goti lake akabaki amekaa ukutani. Sijafika mbali nikasikia ananiita: Wifi, unajua una msafara?

Nikageuka. Kunguru wanane nyuma yangu. Nikisimama wanasimama. Nikienda wanakwenda. Wifi kacheka mpaka kajishika mbavu. Mimi pia nilicheka, nikaendelea kutembea. Hapo ndipo nilipokosea, tena.

Kitwitwi kaniona, kakimbia huku anaburuta bawa, kujifanya kavunjika, kama wanavyofanya wote. Kunguru hata mmoja hakumwangalia. Walikuwa wananiangalia mimi, na pale nilipoinamia.

Nikarudi ukutani haraka. Haikusaidia. Mmoja kashuka, katembea juu ya nyayo zangu — nyayo zangu! — moja baada ya nyingine, mpaka zilipoishia. Kainamisha kichwa. Kaondoka na yai.

Wifi kapiga kelele, kavua kiatu, katupa, hakikufika hata nusu. Basi akakimbia. Sikujua kwamba goti lile linajua kukimbia. Kawatawanya wote kwa mtandio. Limebaki yai moja.

Jioni nimekaa na daftari. Kila siku niliyokwenda kwenye viota, nilitoka moja kwa moja kwenye mtego, na ndoo mkononi. Nimewafundisha kwamba ndoo ya bluu ni chakula, halafu nikawapeleka mlango kwa mlango. Jumanne asubuhi nilikwenda nao pia, bila shaka, nao wakarudi wenyewe alfajiri ya kesho yake. Sikugeuka tu.

Kisha nikaifungua ile picha niliyoituma. Nimeikuza. Alama za reki haziendi moja kwa moja. Zinapinda. Zinafika hatua nne kutoka kiotani, zinazunguka kwa adabu, zinaendelea upande wa pili. Yule mtu alizunguka kama alivyosema. Wanafunzi wangu wa maabara nilikuwa nawagombeza: tazama kioo chote cha hadubini kwanza, ndipo useme umeona nini.

Naona aibu. Sina neno jingine.

Jumatatu, 19 Januari

Mtego nimeuzima tangu juzi. Nondo 0, kwa sababu hiyo.

Nimempigia afisa. Nimemweleza: ni kunguru, na kunguru niliwaleta mimi. Kasema kunguru haitwi kikaoni. Faili limeshafika kwenye kamati. Nikibatilisha maneno sasa, ofisi itaonekana ya watoto. Na yule bwana, kasema, ana makosa mengine madogo madogo, kwa hiyo nisijitie presha. Nikauliza makosa gani. Kuchelewa mara mbili, kasema. Nikauliza kikao ni saa ngapi. Saa nne. Ukipenda njoo, lakini si lazima.

Si lazima! Nimelitafuna neno hilo mchana kutwa. Lina utamu wake.

Wifi kasema niende nyumbani kwa mfagiaji nimwambie kabla ya Ijumaa, uso kwa uso, asije akalisikia kikaoni. Ana watoto watatu, kaambiwa dukani. Nikasema nitakwenda kesho.

Jumatano, 21 Januari

Jana sikwenda. Leo sikwenda.

Kiota cha tatu natazama kwa darubini tu, kutoka dirishani. Bado kakalia lile moja. Alfajiri kunguru walikuja ukutani wakanisubiri. Nilisimama nyuma ya pazia nisionekane. Dakika arobaini. Wifi kapita na kikombe chake, kauliza namficha nani sura.

Ijumaa, 23 Januari

Saa nne kasoro kumi. Ukumbi wa manispaa, ghorofa ya kwanza. Benchi moja la mbao, feni haifanyi kazi. Naandika nisilazimike kuinua macho.

Mfagiaji yuko hapa kando yangu. Shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inasimama. Aliponiona akainuka kwa heshima, akanipisha upande wenye kivuli. Shikamoo mama. Marahaba. Ahsante sana kwa kuja, mama. Jana, kasema, alimwambia mke wake: yule mama wa ndege hataniacha, yeye ndiye aliyekuwa anapita pale kila siku, atasema alichokiona.

Nilifungua mdomo. Akaendelea yeye. Hajui ni mkazi gani kamsema, na hana kinyongo, labda mtu kaona vibaya kwa mbali. Kisha kauliza kile cha tatu kipo? Maana siku hizi hana kazi, mchana hupita kule juu barabarani, huwatimua wale kunguru kwa mawe. Ni wabaya mwaka huu, kasema. Sijui wametolewa wapi.

Nikasema limebaki yai moja.

Moja si haba, mama, kasema, na kaanza kutabasamu.

Mlango umefunguka. Karani, karatasi mkononi. Kasema mlalamikaji atangulie kuingia.

Mfagiaji anatazama ngazi kama kuna mtu anakuja. Hakuna. Anatazama upande wa pili wa ukumbi. Kwenye benchi tuko wawili tu. Karani karudia. Sasa ananigeukia mimi, na bado hajamaliza lile tabasamu —