Matone ya Bosi Mirtha

Romina, nimefukuzwa kazi.

Mchana mwanamume nisiyemjua aliingia pale nyumba ya wazee bila taarifa. Kumbe ni Wilmar, mtoto wa Bi Elida, katoka Hispania. Akawakuta wazee wakipokezana kibuyu cha chai ya yerba, akaketi, akanywa nao. Nani hapa Salto anakataa kibuyu?

Romina, akalala. Mdomo wazi, kama mama yake pembeni.

Bosi Mirtha akacheka. "Nimesahau kumtengea chupa nyingine ya maji ya chai. Matone yalikuwa ya hawa vikongwe."

"Matone gani?"

"Ya usingizi, mwanangu. Ulidhani wanatulizwa na tabasamu lako?"

Mwenzio nilidhani hivyo. Miezi yote hii nilidhani hivyo.

Lakini Bi Elida alikuwa ameniomba: "Wilmar akija niamshe, hata kwa kofi." Nilimwahidi.

Mirtha akaniona namwendea, akasema, "Mwamshe, halafu usirudi hapa."

Nikawaamsha wote wawili kwa maji baridi, nikamweleza Wilmar kila kitu mbele ya Mirtha.

Bi Elida akamshika mwanawe shavu. "Umenenepa," akamwambia, kisha akalala tena.