Samaki wa Kilo Kumi na Tisa

Mugo, siamini. Nimevua samaki wa kilo kumi na tisa pale kwenye bwawa la klabu yetu ya uvuvi, Kings Heath. Kumi na tisa! Rekodi ya klabu ni kumi na saba.

Nilimpima kwa mizani yangu ya kupimia masanduku ya safari za ndege, nikampigia simu mwenyekiti wa klabu. Akasema, "Mizani hiyo hatuitambui. Usimrudishe, naleta yetu baada ya nusu saa."

Nusu saa! Na samaki anahema, mdomo wazi.

Sandeep, tuliyekuwa tukivua naye, ananisihi, "Mzee Kamau, vumilia, jina lako litaandikwa!"

Mugo, mke wangu Magdalene alihema hivyohivyo siku ile ya mwisho, tukiambiwa ambulensi iko njiani. Wakubwa kazi yao ni kukwambia ngoja.

Nikamrudisha majini.

Mwenyekiti kafika, anasema hakuna samaki, hakuna rekodi. Nimemjibu, "Sawa, lakini ameenda akiwa hai."