Mama Amepooza, Wao Wanasema Ananena kwa Lugha

Mpendwa Mshauri,

Nina shida ambayo siwezi kumweleza mtu wa kanisani kwetu, wala mtu asiye wa kanisani, ndiyo maana naileta kwako. Naitwa Umutoni, naishi na mama na kaka yangu Audace huku Kicukiro, juu kidogo ya njia panda ya Sonatubes, na nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho mama alichotulea nacho, yeye ni mzaliwa wa Bujumbura na alikuja Kigali kwa kuolewa, na sasa mwenye lugha hiyo nyumbani kwetu hawezi tena kuisema.

Mwezi wa pili mama alianguka uani akianua maharage. Mdomo ulipinda, mkono na mguu wa kulia vikalegea, maneno yakaondoka. Hospitalini daktari alisema ni kiharusi kilicholetwa na shinikizo la damu, akampa vidonge, akatuambia kwamba anaelewa mengi kuliko tunavyodhani na kwamba usemi unaweza kurudi polepole, kisha tukarudishwa nyumbani kwa sababu vitanda vilihitajiwa na majeruhi wa vita.

Mwanzoni alikuwa kimya kabisa. Halafu, karibu na Pasaka, sauti ilirudi bila maneno, zikaja silabi zinazofuatana haraka, zikipanda na kushuka kama za mtu anayehutubia, na hakuna hata moja ninayoweza kuishika, si Kiswahili, si Kirundi, si Kinyarwanda. Siku hiyo wanakwaya wenzake Audace walikuwa sebuleni kwetu wakiomba, na dada mmoja aitwaye Nyiramana akasimama akibubujikwa na machozi: "Yesu asifiwe! Mama Audace amejazwa!"

Inafaa ujue kwamba mama ni Mkatoliki. Audace aliokoka miaka miwili iliyopita, nami nikamfuata, lakini mama alibaki na misa yake na rozari yake, na tulipomsihi alikuwa akitucheka: "Ninyi pigeni kelele, wanangu, mimi naongea na Bikira Maria taratibu, tunasikilizana." Sasa ndugu wote wa kanisani wanasema Mungu amempitia kwa njia nyingine, amemvunja mwili ili ampe Roho. Wanakuja kumsikiliza. Nyiramana huketi kando ya kitanda na kufasiri: Bwana asema msiogope, Bwana asema nyumba hii haitaguswa. Audace, ambaye tangu vita vianze hulala na viatu miguuni, akisikia hayo hulia kama mtoto na usiku huo huvivua.

Lakini mimi huketi upande wa pili wa kitanda, Mshauri, na mimi nimeona. Nyiramana anapofasiri, mama hutikisa kichwa. Hutikisa kichwa na kupiga godoro kwa mkono wake wa kushoto.

Sasa wamepanga kwamba Jumapili ya Pentekoste atabebwa kwa kiti hadi mbele ya kanisa pamoja na wengine waliojazwa mwaka huu, anene watu wote wasikie, na Mchungaji Libère amekwisha kutangaza. Kitambaa cheupe cha gauni kilipelekwa kwa Yasmina, jirani yetu, fundi cherehani, Mwislamu, rafiki wa mama tangu sijazaliwa. Alipokuja kumpima alimkuta mama akisukuma bakuli na kufoka kwa silabi zake. Audace akamwambia Yasmina kwa heshima, "Subiri kidogo, mama, yuko katika Roho." Yasmina akachungulia bakuli.

"Malaika gani huyu iko nakasirika uji ikipoa? Mupashie mama yenu uji, bwana!"

Nilicheka kabla sijajizuia. Na mama naye akacheka, kwa upande mmoja wa mdomo, mara ya kwanza tangu aanguke. Audace peke yake hakucheka. Alisema kwa upole, "Umutoni, utakuwa unamcheka Mungu."

Hapo ndipo ninapokwama. Mimi mwenyewe sijawahi kunena. Nimefunga, nimewekewa mikono, wote niliobatizwa nao walipokea, mimi nikabaki nimepiga magoti na ulimi wangu mzito kinywani kama si wangu. Nimesoma Matendo ya Mitume na waraka kwa Wakorintho kwa Kifaransa na kwa Kinyarwanda, nikitafuta nilipokosea. Kwa hiyo nikisema kwamba mama ni mgonjwa tu, najiuliza kama ni macho yangu yanayosema au ni wivu wa aliyenyimwa. Na kuna linalonitisha zaidi, nalo ni kwamba natamani wao wawe wanasema kweli. Ikiwa ni lugha za Roho, basi mama ni mzima kule ndani na anazungumza na Mungu. Ikiwa ni kiharusi, basi ananiita kutwa nzima nami simwelewi.

Vidonge vilikwisha wiki iliyopita. Audace anasema kununua vingine ni kumwambia Mungu hatukupokea. Je, nikiizuia Pentekoste hii namtetea mama yangu, au nampinga Roho?

Umutoni, Kicukiro

JIBU

Umutoni mwanangu,

Pole. Pole kwa mama, na pole kwako uliyeketi upande wa pili wa kitanda ukiona peke yako. Nitakugombeza kidogo, kisha nitakuambia la kufanya.

Vidonge kwanza, theolojia baadaye. Wiki nzima shinikizo la damu bila dawa, na wewe msomi unaniuliza habari za Wakorintho! Unaposoma mistari hii, ama wewe ama kaka yako avae viatu aende kwa daktari yule yule, aeleze siku ngapi mgonjwa hakumeza dawa, afuate atakachoambiwa. Kiharusi kina desturi ya kurudi. Audace akisema ni kukosa imani, mkumbushe kwamba Paulo alisafiri na Luka na kumwita tabibu mpendwa. Hakumwambia aache kazi.

Sasa lugha. Mimi siikatai karama hiyo. Nimeomba pamoja na watu wanaonena, na baadhi yao ningewaachia funguo za nyumba yangu. Lakini umesoma Wakorintho kwa lugha mbili na ukaruka jambo lililo wazi. Paulo anawaagiza wanenao waseme kwa zamu, wawili au watatu, na asipokuwapo mfasiri wanyamaze. Maana yake ni kwamba anayenena kwa Roho anaweza pia kunyamaza, akili yake haikutekwa. Mama yako hana hiari hiyo. Hizo silabi ndizo zinazomtoka akitaka maji, akitaka kugeuzwa, akitaka kumgombeza Audace. Na siku ile ya Pentekoste yenyewe, umati ulishangaa kwa sababu kila mtu alisikia maneno ya kwao, yale ya mama zao. Walielewa, binti yangu. Muujiza wote ulikuwa huo.

Nyiramana simwiti mwongo. Nchi iko vitani na kila mtu anatafuta sauti ya kumwambia nyumba yake haitaguswa. Lakini mfasiri anayemwona msemaji akitikisa kichwa, naye akaendelea kufasiri, anasema ya moyo wake. Huenda ni moyo mzuri. Bado si neno la mama yako.

Kuhusu wivu wako: huenda upo. Mwenye wivu naye ana macho, na kichwa cha mama kilitikisika mbele yako. Paulo anauliza kama wote hunena kwa lugha, na kwa jinsi anavyouliza jibu ni hapana. Hukunyimwa. Acha kujichimba kila usiku ukitafuta dhambi iliyofunga ulimi wako, kwa sababu ukiwa huko ndani, huku nje kuna mtu anapiga godoro.

Hapo ndipo ninapokugombeza kwa kweli. Unaogopa kwamba mama anakuita nawe humwelewi, na hofu hiyo imekufanya usijaribu. Jaribu. Keti upande wake wa kushoto, ushike mkono wake ulio mzima, umwambie: ukikubali nibane, ukikataa niachie. Uliza kitu kimoja, kifupi, kisha subiri, subiri zaidi ya unavyoweza kuvumilia. Mwoneshe kikombe, mwoneshe blanketi. Atachoka upesi, nawe utalia. Endelea kesho yake.

Jambo la pili, ambalo nalijua kwa kumuuguza marehemu mume wangu. Ugonjwa ule ule, silabi zile zile. Hakuweza kuomba maji, lakini siku moja nilianza Salamu Maria nikakatizwa na mlango, na nyuma yangu nikamsikia akiimalizia. Sala ya utotoni imelala mahali pengine kichwani, mara nyingine ugonjwa hauifikii. Siwezi kukuahidi. Ianze kwa Kirundi, kama alivyofundishwa Bujumbura, polepole, ufike katikati unyamaze. Rozari yake iwe mkononi mwake, hata kama ndugu wataguna. Na mwiteni padri wa parokia yake. Ni mgonjwa Mkatoliki, ana haki ya Komunyo yake, na haki hiyo haikuanguka naye pale uani.

Kaka yako usimshambulie mbele ya wanakwaya. Mchukue pembeni, umwambie unajua kwa nini analala na viatu. Mwambie unaogopa vilevile. Mtu aliyepata faraja moja tu hawezi kuiachia akiwa amesimama peke yake. Mkiwa wawili, nendeni kwa Mchungaji Libère kabla ya Jumapili, mkamwambie mama ni mgonjwa, daktari amesema, hatatolewa nyumbani asipotaka mwenyewe. Akiwa mchungaji kweli atakuja yeye kumwona, bila kwaya.

Lakini kabla ya hayo yote kuna swali moja ambalo katika barua yako nzima sikuona mtu aliyemuuliza mama. Mmetangaza, mmekata kitambaa, mmetafuta kiti cha kumbebea. Audace awepo, ameketi, amemshika mama mkono yeye mwenyewe. Mama awe amekula, uji wa moto. Muulizeni kwa Kiswahili chake: Mama, unataka tukupeleke mbele ya watu?

Kisha mngojeeni ajibu, na mfanye atakavyosema.

Mama Mukamana