Toroli Namba Nne na Kona Yake

Shoga, uko wapi? Nina hasira hapa ghalani, hata fagio limenishinda kushika.

Si unayajua yale matoroli yanayojiendesha, yanayosimama yakiona mtu mbele? Mjukuu wangu ndiye anayetunza kumbukumbu zake kwenye kompyuta. Leo msimamizi kamfokea mbele ya watu: "Namba nne lisimame mara arobaini kwa siku, kona ileile? Umepika takwimu! Kesho usije."

Usije! Kwa takwimu za kweli!

Kona hiyo naifagia mimi. Nikamwambia msimamizi kwa upole, "Mwanangu, anayelizibia njia ni wewe, ukisimama pale kuongea na simu."

Unajua kanijibu nini? "Bibi, wewe shika ndoo yako."

Ndoo yangu! Mimi!

Akatoka amefura, akaenda kusimama palepale, simu sikioni. Namba nne likaja, likasimama nyuma yake, likaanza kulia. Kompyuta ikaandika: mara ya arobaini na moja. Sote tukamkodolea macho.

Akageuka. "Mnaona? Toroli bovu hili! Litolewe!"

Basi, shoga, mjukuu wangu kesho anakuja kazini. Aliyefukuzwa ni toroli.