Karatasi Isiyo na Jina

Siakago

Mjukuu wangu Wanja,

Usicheke. Nina jina la nyanya aliyemzaa baba, na baba mpaka leo ananiita mama, kwa hivyo wewe mdogo wangu ni mjukuu. Sisi tuko wazima. Mtoto anaota meno, hajaniacha nilale wiki nzima. Baba anakusalimia.

Unasema karatasi za kukutukana zinabandikwa kwenye ubao wa hosteli bila jina, na unataka kuacha chuo urudi nyumbani. Unauliza ni nani anaweza kukuchukia hivyo.

Mimi niliwahi kuandika moja. Nikisoma shule ya bweni huko Meru, siku ya sherehe mwenzangu wa darasa Karimi alivaa gauni jekundu na kila mtu akamsifu. Wivu ulinikaba. Nikaandika kwa mkono wa kushoto, "Ngauni ya Karimi ni ya kuazima," nikabandika mlangoni.

Kumbe darasa zima ni mimi tu niliyekuwa nikiandika "ngauni", kama tunavyotamka nyumbani. Karimi alinikuta nikifua. "Wee Ciarunji, si ungeniomba tu hiyo ngauni?" Wasichana walicheka mpaka wakalia. Alinipa nijaribu. Ilinibana kwapani.

Huyo anayekuandikia hakuchukii, Wanja. Anatamani kitu chako. Usirudi, kaa hapo usome.

Hata mimi, ulipoenda yunivasiti nikabaki na nepi, nilikuonea wivu, na bado ninao kidogo. Lakini mimi nimetia jina langu hapa chini.

Nyanya yako kijana,
Ciarunji