Minara ya Mlimani na Mawe Matatu

Mama Khamisi,

Watu wengi wakiiona ile minara ya mawe juu mlimani hudhani ni ya walinzi. Wanakosea. Mimi pia nilikosea, mbele yako, tena kwa sauti ya darasani.

Jana nilikwenda tena, peke yangu, mara ya kwanza tangu ulipofariki. Dereva aliniacha njia inapokomea, nikatembea. Unaujua ule uwanda: mawe meupe, vichaka vya miiba visivyofika goti, na upepo usiozuiliwa na kitu. Nilichukua chupa ya chai na, kwa mazoea, vikombe viwili.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa miaka ya sabini, hata mwaka haujaisha tangu tutoke Unguja kuja kuishi Ibra, huku Omani. Nilisimama chini ya mnara mkubwa nikakueleza jinsi walinzi walivyopanda kumtazamia adui. Sikutosheka, nikamweleza na yule bibi mchunga mbuzi tuliyemkuta pale, kwa Kiarabu changu cha skuli. Alisubiri mpaka nikamaliza, akanyoosha fimbo kwenye kijitundu kilicho chini ya ukuta.

"Ustadhi, mlinzi gani huyo anayeingia kazini kwa kutambaa?"

Akatuambia ni makaburi ya watu wa kale, wa kabla ya Uislamu. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Njia nzima, kila nilipofungua mdomo, uliniambia, "Mwalimu, kengele imelia." Tulipolifikia gari ukasema, "Wamejenga juu namna hii, na hata jina moja hatulijui. Mimi usinijengee kitu. Uje tu."

Sasa nikwambie jambo ambalo nimemficha kila mtu.

Ulizikwa kama wanavyozikwa watu wa hapa: mawe matatu kwa mwanamke, mawili kwa mwanamume, jina hakuna. Kule Unguja mama yangu alizikwa nyuma ya nyumba, sikuhitaji alama. Hapa nilihesabu: kaburi la nne kutoka mwisho wa safu. Nikaona nimemaliza kazi. Kisha nikaenda Maskati kutibiwa macho, nikakaa miezi. Niliporudi nikahesabu tena, na la nne lilikuwa na mawe mawili. La mwanamume. Nilikuwa nimehesabu kutoka upande ambao safu inaongezeka, upande ambao watu wanaendelea kufa. Na mimi ndiye mwalimu wa hesabu, mke wangu. Miaka yote ile.

Tangu siku hiyo nasimama mlangoni mwa makaburi, nawasalimu wote, nawaombea wote, narudi. Sijui ni yapi kati ya mawe yale ni yako. Kila Ijumaa Khamisi huniuliza, "Baba, umepita kwa mama?" Nami humjibu kwamba nimepita. Yeye ndiye aliyeingia kaburini kukupokea, hawezi kusahau mahali. Lakini naona haya. Nitamwambiaje mwanangu kwamba nimekupoteza?

Nyumbani kuna umeme sasa, na Khamisi ameninunulia televisheni. Mjukuu wako nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiarabu, na cherehani yako hakuna anayeigusa. Jioni nakaa kwenye kiti changu nikiwa na mambo mengi ya kueleza, na hakuna wa kunikatiza.

Jana nilikaa karibu na kile kijitundu, nikamimina chai vikombe vyote viwili. Chako kikapoa. Nilingoja apite mtu, hakupita. Yule bibi naye hayuko, dereva alisema wanawe wamemteremsha bondeni kwenye nyumba mpya. Niliweka kiganja ukutani. Yamepangwa vizuri yale mawe, yamesimama maelfu ya miaka, na hakuna aliyebaki wa kuulizwa ni nani amelala ndani. Nikawaonea huruma. Halafu nikajionea aibu, kwa sababu mimi wa kumuuliza ninaye, anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu.

Pumzika, Mama Khamisi, Mungu akurehemu. Sitakujengea kitu, kama ulivyosema. Ijumaa hii sitaishia mlangoni. Nitaingia mpaka ulipo wewe, na maelezo yangu yatakuwa mafupi.

Najua hapa ungekwisha kunikatiza. Haya, Mwalimu, kengele imelia. Vaa viatu, kamuulize Khamisi leo.