Minyororo Ishirini na Minne

Jumatatu, 12 Mei 2025

Barua ya kukaimu nimeikuta mezani asubuhi. Mzee Severini, fundi wetu wa jukwaa, yuko Rutamba anamuuguza mkewe. Kuanzia leo karani wa idara – yaani mimi – anasimamia taa, sauti na mapazia hadi onyesho la Jumamosi, pamoja na mafunzo ya wanafunzi tisa wa ufundi. Niliisoma mara tatu nikitafuta jina la mtu mwingine.

Nikaenda kwa Dokta Stella, mkuu wa idara. Akasema bila kuinua macho: wanafunzi wanaijua kazi, Kidawa, wewe panga ratiba tu. Halafu akaongeza kwamba mwisho wa mwezi kamati inakaa kunithibitisha kazini. Sijui kwa nini aliyaweka mambo hayo mawili pamoja. Najua.

Ukumbi ulikuwa ghala la korosho zamani. Bado unanuka magunia. Wanafunzi wameziba madirisha yote manane kwa vitambaa vyeusi, giza la kweli saa nne asubuhi. Huseni, anayepandisha taa, akaniuliza kyuu ya kwanza ni ipi. Nikamjibu nitaangalia kwenye faili. Wakacheka, lakini si kwa ubaya. Kumbe kyuu ni ishara tu: mmoja anainua mkono, mwenzake anawasha. Nimeiandika kiganjani.

Umeme naogopa. Kwetu Nyangamara ulifika nikiwa kidato cha pili, na kitu cha kwanza nilichofundishwa ni kutougusa.

Jumanne, 13 Mei

Leo nimeona jambo. Lightness, mwaka wa tatu, anaigiza mama aliyefiwa. Amevaa kanga nyekundu tangu mwanzo. Habari ya msiba inapofika, taa ya kijani inawashwa – na kanga inakuwa nyeusi. Palepale, mwilini mwake. Niliomba warudie. Wakarudia. Nikaomba tena.

– Dada Kidawa, utatumalizia umeme wa chuo, akasema Huseni.

Lightness akanieleza: mwanga wa kijani hauna wekundu ndani yake, kwa hiyo kanga haina cha kurudisha. Nimewaza hilo njia nzima. Nyumbani nikaangalia kila nguo kwa tochi ya simu.

Jioni Mzee Severini alipiga. Shikamoo, marahaba, mgonjwa anakula kidogo. Kisha: kabla taa hazijapanda, ihesabu minyororo ya usalama, mwanangu. Nikasema iko ishirini na minne, baba, imeandikwa kwenye leja. Akasema vizuri.

Imeandikwa kwenye leja kwa sababu niliiandika mimi, Januari. Ukurasa wa mwaka jana ulisema ishirini na minne, imekaguliwa. Nikanakili na kubadilisha mwaka. Sikufungua sanduku la minyororo. Ndivyo nilivyofundishwa na karani aliyenitangulia: sanduku lina kufuli, ufunguo unao wewe, kitu kitakwenda wapi?

Alhamisi, 15 Mei

Sita.

Minyororo sita, na chini yake kiota cha nyigu kilichokauka. Mwanafunzi mmoja anakumbuka mingine ilifungia viti vya mahafali. Mahafali ya mwaka juzi. Maana yake hata ukurasa ule niliounakili ulikuwa wa kunakiliwa.

Taa ni kumi na sita. Nilibaki nimeshika kifuniko cha sanduku kama mtu aliyefumaniwa. Huseni akaniangalia, akasema usihofu dada, mimi ni mtu wa Songo Mnara. Akaja na kamba ya nailoni, ile ya bluu, akaifunga kila taa kwenye bomba la juu kwa fundo ambalo kwao hufungia mashua. Lile la kwanza akalijaribu kwa kuning'inia mwenyewe, miguu ikielea, akiuliza chini kama kuna mwenye swali. Wakampigia makofi. Ni fundo zuri. Alinifundisha na nimelipatia mara ya nne.

Kwa Dokta Stella sikwenda. Nikisema minyororo haipo, ataitaka leja.

Ijumaa, 16 Mei

Wanaume walikuwa wamekwenda kuswali, ukumbi umetulia. Taa moja ya akiba ilikuwa mezani inawaka, Lightness alikuwa akichagua rangi. Nikajiuliza: kama kamba inaweza kumbeba Huseni, mnyororo ni wa nini? Sikumuuliza mtu. Nilichukua kipande cha kamba ya bluu nikakilaza mgongoni mwa taa, nikatazama saa.

Dakika sita ikaanza kung'aa. Dakika tisa ikanywea. Ya kumi na moja haikuwa kamba tena, ilikuwa tone la kahawia, na harufu ile.

Lightness akanusa, akauliza nini kinaungua. Nikasema nilikuwa najaribu kitu.

Nilimpigia Mzee Severini. Akaeleza taratibu, kama darasani: taa inabebwa na kulabu yake. Mnyororo haubebi chochote, unangoja siku kulabu ikilegea. Huenda siku hiyo isifike miaka kumi. Kisha akauliza:

– Mbona unauliza? Minyororo haijafungwa?

– Imefungwa, baba. Nauliza tu.

Akanishukuru kwa kuuliza. Akasema vijana wengi hawaulizi.

Lightness anasimama chini ya taa namba saba kwa maneno yake marefu yote. Nimepima kwenye mazoezi: dakika kumi na nne.

Jumamosi, 17 Mei

Ninaandika onyesho likiendelea. Sina swichi ya kushika.

Saa mbili asubuhi nilimpa Huseni lile tone mkononi. Akaligeuzageuza. Nikamweleza yote, leja, Januari, simu ya jana. Nilidhani atanikasirikia. Akatazama juu kwenye mafundo yake.

– Kwa hiyo nimemfungia mwenzangu mshumaa kichwani.

Akaenda kuchukua ngazi. Nikasema taa zote zishushwe. Sauti ilitoka ndogo, nikairudia. Tungeweza kubakiza taa sita kwa ile minyororo iliyopo, akasema mmoja. Lakini hakuna aliyejua kama hiyo sita imewahi kukaguliwa, mimi nikiwa wa kwanza.

Bila taa, mchezo utaonekanaje? Lightness akasema ghala hili lilikuwa na madirisha kabla halijawa na taa. Wakaanza kuvua vitambaa. Jua likaingia kwa vipande virefu, na vumbi ndani yake. Nikauliza, na kanga itakuwaje nyeusi? Tukajaribu: tukafunga mbao za dirisha moja, la pili, la tatu. Mwanga ulipopungua, manjano ya pindo yalibaki yakionekana, ila wekundu ulizama. Ulizama wa kwanza. Sijui kwa nini! Nataka sana kujua kwa nini.

Saa tisa Dokta Stella akafika, mgeni rasmi yuko njiani. Akakuta taa kumi na sita zimepangwa sakafuni kama samaki mnadani.

– Nani kaagiza hivi?

– Mimi, Dokta.

Nikampa leja, imefunguliwa ukurasa wa Januari. Ishirini na minne imekatwa kwa wino mwekundu, pembeni sita, jina langu na tarehe ya leo. Alisoma muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwapo.

– Mzee Severini anajua?

– Nilimwambia imefungwa. Nimempigia tena asubuhi, simu haipatikani. Nimemwachia ujumbe.

Akafunga leja, akaiweka kwapani. Baada ya onyesho usiende nyumbani, akasema.

Sasa ni tukio la nne. Watu wamejaa, wengine wanajipepea kwa ratiba. Lightness amesogea mwenyewe kwenye kipande cha jua; kimehama tangu mchana, amekifuata. Kanga ni nyekundu kabisa. Wanafunzi wamesimama kwenye mbao za madirisha, macho kwangu. Dirisha la kwanza limefungwa. La pili limefungwa. Mama mmoja karibu nami ameacha kujipepea.

Dokta Stella, mstari wa mbele, leja mapajani, amegeuka. Haangalii jukwaa. Ananiangalia mimi.

La tatu ni baada ya neno "mwanangu". Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto nimekwisha kuuinua.